Karanga za Mama na Sakafu ya Seli

Mstari unaotetemeka ndio mstari mzuri. Hilo nilifundishwa na Afande, fundi wa maabara yetu hapa Kampala, wiki yangu ya kwanza kazini, nilipomwita mbio nikidhani mashine imeharibika. Kwenye kioo cha kompyuta kulikuwa na mstari wa kijani uliokuwa ukipanda taratibu, lakini haukupanda kwa ulaini. Ulikuwa na mitetemo midogo midogo isiyokoma, kama maji ndani ya kikombe kilicho mezani wakati lori linapita nje. Afande aliinama, akatazama bila haraka, akasema, "Usiguse kitu, binti yangu. Hizo ni seli zinajiweka sawa. Siku ukiona mstari umenyooka kama uzi uliovutwa, hapo ndipo uniite."

Namwita Afande kwa sababu alitumikia jeshi kwenye kitengo cha tiba miaka mingi kabla ya kustaafu, na Kiswahili chake ni cha kambini, sawa na changu. Mimi nimekulia kambi ya polisi ya Naguru, baba akiwa sajini, tukiishi kwenye kibanda cha bati cha mviringo ambacho mchana wa jua hukaliki na usiku wa mvua hamsikilizani. Katika maabara ambamo watu huandika kwa Kiingereza na kupiga soga kwa Kiluganda, sisi wawili tuna kona yetu ya Kiswahili. Mengi ninayoyaandika hapa niliyaelewa kwanza kwenye kona hiyo.

Kifaa chenyewe ni hiki. Chini ya kila kisima kidogo cha plastiki kuna kiduara cha dhahabu chenye upana wa robo milimita. Hicho ndicho elektrodi. Unapitisha mkondo wa umeme unaogeukageuka, mdogo sana, kiasi cha maikroampia 1, ambao hauidhuru seli. Kisima kikiwa na maji ya lishe peke yake, umeme hupita bila shida. Ukipandikiza seli, zikatua, zikajibandika na kujitandaza, utando wao wa mafuta huuzuia. Inabidi umeme upenye chini ya tumbo la seli au katikati ya seli na jirani yake. Ukinzani unapanda, na mstari unapanda nao. Seli zikila sumu hujikunja, huachia sakafu, njia hufunguka, mstari hushuka. Na ule mtetemo ndio uhai wenyewe: seli haitulii, inavuta huku, inalegeza kule, kwa umbali wa nanomita tu, na umeme unahisi. Ukiziua seli kwa fomalini zikakakamaa mahali pake, mstari hubaki juu lakini mtetemo unakatika.

Njia hii ilichapishwa mwaka 1984 na Ivar Giaever na Charles Keese huko Marekani. Giaever alikuwa mwanafizikia aliyekwisha kupata Tuzo ya Nobel mwaka 1973 kwa kazi isiyohusu uhai hata kidogo. Napenda kuwakumbusha wanafunzi jambo hilo.

Kifaa cha aina hii huitwa bayosensa: kitu cha uhai kimeunganishwa na chombo cha kupima, cha uhai kinahisi, chombo kinatafsiri. Wengi wetu tumeshaiona bayosensa bila kuijua kwa jina. Kile kipimo cha sukari ambacho shangazi mwenye kisukari anachoma kidole na kutia tone la damu ni mtoto wa wazo alilolitoa Leland Clark mwaka 1962, la kuweka kimeng'enya, yaani protini inayoharakisha mabadiliko ya kemikali, juu ya elektrodi. Lakini kimeng'enya ni protini moja inayojibu swali moja. Seli nzima ni jambo jingine. Seli inajibu hata swali ambalo hukujua kuuliza.

Kwa nini niitake seli nzima? Kwa sababu ya karanga.

Mama yangu ameuza karanga soko la Owino, hapa Kampala, tangu sijazaliwa. Jioni huweka ungo mapajani, anamwaga karanga kama kilo mbili, anazisambaza kwa kiganja, kisha kidole gumba kinaanza kazi. Iliyosinyaa, inatupwa. Yenye doa la kijani au weusi, inatupwa. Iliyochubuka ngozi inaingia kwenye bakuli la pembeni, ataiangalia mara ya pili kukiwa na mwanga. Kidole chake kinapita juu ya kila punje, na ninaposema kila punje sitii chumvi. Kwa miaka yote hiyo sijawahi kumwona akiuza karanga ambazo hakuzipitisha mkononi.

Kuchambua hivyo kunasaidia kweli, kwa sababu kuvu hupenda punje zilizoumia. Lakini aflatoksini, sumukuvu yenyewe, haina rangi ambayo jicho litaiona wala ladha ambayo ulimi utaikamata. Dunia iliijua baada ya mwaka 1960, pale batamzinga zaidi ya 100,000 walipokufa Uingereza kwa kulishwa mashudu ya karanga. Kiwango kinachokubalika Afrika Mashariki ni maikrogramu 10 kwa kilo moja ya chakula, na kwa ile aina kali zaidi, B1, ni 5. Mtu anayeila kidogo kidogo miaka mingi hasikii kitu. Ini ndilo linalosikia, na mwenye homa ya ini aina ya B hatari yake ya saratani huongezeka maradufu na zaidi.

Machi 2021 Kenya ilizuia mahindi ya Uganda na Tanzania kwa sababu ya sumukuvu. Baada ya siku chache zuio likalegezwa kwa masharti, mojawapo likiwa cheti cha kuonyesha kwamba mzigo haujavuka kile kiwango cha 10. Mama hauzi mahindi wala havuki mpaka wa Busia, lakini habari hizo zilimkaa. Usiku mmoja aliniuliza, kidole kikiendelea na punje zake, "Mwanangu, wewe unasomea vipimo. Mimi napima kwa nini? Kwa macho haya?"

Vipo vijikaratasi vya kupima aflatoksini, na ni vizuri. Unasaga, unachuja, unachovya, unasoma mistari. Ila vinajua sumu moja moja. Mahindi yaleyale yanaweza kubeba fumonisini pia, sumukuvu nyingine, na karanga zinaweza kubeba dawa ya wadudu iliyopulizwa ghalani. Swali la mama halikuwa kuhusu sumu moja. Alitaka kujua kama chakula chake kinamdhuru mtu. Swali hilo, kwa maoni yangu, lapaswa kuulizwa kwa seli ya ini, maana ndiyo inayolipa deni. Tena kuna sababu ya ndani zaidi: aflatoksini B1 inapoingia mwilini haijawa kali bado. Vimeng'enya vya ini ndivyo vinavyoibadilisha kuwa umbo linalong'ang'ania DNA. Sumu hiyo inapikwa ndani ya seli yenyewe.

Basi tukaanza. Ili mstari wetu uwe na nguvu zaidi tuliamua kuacha dhahabu bapa na kutumia dhahabu yenye vishimo. Sakafu yenye vishimo ina eneo kubwa zaidi ndani ya robo milimita ileile, kwa hiyo ukinzani wa elektrodi yenyewe unapungua na sauti ya seli inasikika vizuri. Isitoshe, seli ikikaa kwenye sakafu bapa kwa kawaida huacha nafasi ya makumi ya nanomita chini yake, na humo ndimo umeme mwingi unapotelea. Tulitumaini vishimo vitaishikilia seli karibu.

Vishimo hutengenezwa kwa alumini, na hiyo ni kazi niipendayo kuliko zote. Unachukua kipande cha alumini safi, unakitumbukiza kwenye asidi oksaliki iliyopozwa, unakiunganisha na umeme wa volti 40. Alumini inajivika ngozi ya oksidi, na ngozi hiyo inajitoboa yenyewe, tundu kando ya tundu, kwa mpangilio wa sega la nyuki. Umbali wa tundu na tundu unafuata volti: kama nanomita 2.5 kwa kila volti 1, kwa hiyo volti 40 zinakupa 100. Mwaka 1995 Hideki Masuda na Kenji Fukuda wa Japani walionyesha namna ya kuyapanga kwa unadhifu mkubwa. Niliwahi kujaribu alumini ya mabaki niliyopewa na mafundi sufuria wa Katwe. Ilitoboka, lakini ovyo ovyo, kwa kuwa imechanganyika na madini mengine. Inatakiwa alumini safi kabisa. Ukishapata matundu unayapanua kwa asidi fosforiki, ukihesabu dakika, kisha unapaka dhahabu nyembamba juu.

Kuhesabu dakika. Hapo ndipo nilipokosea.

Kundi lile la sahani nililiacha kwenye asidi zaidi ya saa moja badala ya dakika 15 tulizopanga. Mvua ilikuwa inanyesha, niliitwa kusaidia kufunga madirisha ya chumba cha pili, nikarudi nimechelewa, na nikaandika daftarini muda uliopangwa badala ya muda uliopita. Nayasema haya kwa sababu kilichofuata kilimgusa mtu asiye na hatia.

Nilipandikiza seli za ini. Baada ya siku moja nikatia maji ya karanga, sampuli kutoka gunia la mama. Saa nane usiku nilifungua kompyuta nyumbani nikaona mstari umeshuka. Haukuyumba, ulishuka tu, na mtetemo ukapungua hadi ukawa kama hakuna. Nilikaa kitandani nimeshika simu mpaka alfajiri, kisha nikampigia mama nikamwambia asiuze lile gunia, wala lile la pili lililotoka kwa mkulima yuleyule. Hakubisha. Aliyafunga magunia yote mawili akayasukuma nyuma ya kibanda, na wiki mbili wateja wake wa mchuzi wa karanga walinunua kwa jirani.

Afande aliporudi kutoka mapumzikoni alisoma daftari langu ukurasa kwa ukurasa. Aliuliza swali moja. "Hizi zilizopewa karanga zilikaa kwenye dhahabu ya matundu. Na wenzao wasiopewa karanga, walikaa wapi?"

Walikaa kwenye dhahabu bapa. Sahani mpya zilikuwa chache, nikaona nisizipoteze kwa seli zisizopewa kitu.

Tulirudia, safari hii seli zote kwenye sakafu ileile, nyingine na karanga, nyingine maji matupu ya lishe. Zilishuka zote, pamoja. Kwenye hadubini zilionekana zimejiviringa kama shanga, hazikujitandaza, zingine zinaelea. Karanga hazikuhusika. Kijikaratasi cha kupimia nacho, nilipokitumia hatimaye, kilisema sampuli iko chini ya kiwango.

Nilikwenda Owino mwenyewe kumweleza. Nilijaribu kumfafanulia vishimo na seli, akanisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Kwa hiyo karanga hazikuwa na kosa. Ilikuwa mkeka." Ndiyo, mama. Ilikuwa mkeka.

Tangu siku hiyo nimesoma kuhusu mikeka ya seli kwa namna ambayo sikuwa nimesoma kwa ajili ya mtihani wowote. Nianze na ukubwa. Nanomita 1 ni sehemu moja ya bilioni ya mita. Unywele una unene wa nanomita kama 80,000, na seli ya ini iliyojitandaza ina upana wa kama 25,000. Vishimo tulivyokusudia vilikuwa vya 50. Ukiikuza seli moja ifunike uwanja wa Namboole kutoka goli hadi goli, kishimo kimoja kitakuwa kama sahani ya wali. Mchezaji anayekimbia juu ya uwanja wenye masahani kila hatua hawezi kusema uwanja ni bapa.

Lakini seli haiigusi dhahabu moja kwa moja. Ukimimina tu maji ya lishe, protini zilizomo zinatangulia na kujilaza juu ya sakafu, na seli inapofika inakuta zulia limeshatandikwa. Umbo la sakafu ndilo linaloamua zulia hilo linalala vipi. Fibronektini, kwa mfano, ni protini ndefu yenye sehemu fupi ambayo seli hushikia, asidi amino tatu tu zilizofuatana: arjinini, glisini, aspartati. Michael Pierschbacher na Erkki Ruoslahti waliitambua sehemu hiyo mwaka 1984, mwaka uleule wa kifaa cha Giaever. Fibronektini ikilala vizuri, mahali pa kushikia panaelekea juu. Ikijikunja ndani ya kishimo, panafukiwa.

Upande wa seli, mikono inayoshika inaitwa integrini. Kichwa cha integrini kina upana wa nanomita kama 10, na mkono mmoja haufai kitu peke yake, lazima ikusanyike mingi mahali pamoja ndipo seli iamini kwamba imeshika. Mwaka 2004 Joachim Spatz na wenzake Ujerumani walipanga vitone vya dhahabu, kila kitone kidogo kiasi cha kutosha integrini moja tu, kila kimoja kikiwa na ile sehemu ya kushikia, na sakafu yote iliyobaki ikiwa imepakwa kitu kisichoshikika. Vitone vikiwa umbali wa nanomita 58 au pungufu, seli zilishika na kujitandaza. Vikiwa umbali wa 73 au zaidi, zilishindwa. Chakula kilekile, seli zilezile, tofauti ya nanomita 15. Niliposoma hivyo nilifunga kompyuta nikatoka nje, nikatembea mpaka getini na kurudi. Nilikuwa nafikiria ile saa ya ziada kwenye asidi, kuta za matundu yangu zikizidi kukonda, na seli zikitua juu yake zikitafuta pa kushika.

Na habari haiishii mkononi. Nyuma ya integrini kuna kamba za aktini, na kamba zimefungwa mpaka kwenye kiini. Mkono ukishika vizuri kamba hukaza, kiini huvutwa na hata kubadilika umbo, na baadhi ya jeni huwashwa au kuzimwa. Ross Harrison aliona dalili yake mapema sana, mwaka 1911, alipotandika nyuzi za buibui na kuona seli za kiinitete zikifuata uzi. Mwaka 2007 Matthew Dalby na wenzake wa Glasgow walifika mbali zaidi. Walichapa vishimo vya upana wa nanomita 120 kwenye plastiki, wakazilaza juu yake seli shina za uboho wa binadamu, zile ambazo bado hazijaamua zitakuwa seli za aina gani. Vishimo vilipopangwa kwa mistari iliyonyooka kabisa, hakikutokea kitu cha maana. Walipovisogeza kidogo, kila kimoja kikikosea nafasi yake kwa nanomita zisizozidi 50, seli zikaanza kutengeneza mfupa. Hakuna dawa iliyotiwa. Zilisukumwa na mpangilio uliovurugika kidogo tu.

Wanasayansi wenyewe hawajaafikiana, na msomaji asidhani kuna jedwali la kunakili. Mwaka huohuo wa 2007 kundi la Erlangen, Ujerumani, liliripoti kwamba kwenye sakafu ya mirija midogo ya metali ya titani seli shina zilistawi pale mirija ilipokuwa na upana wa nanomita 15, na kwenye mirija ya 100 nyingi zilikufa. Miaka miwili baadaye kundi la San Diego likaripoti kwamba kwenye mirija ya 70 hadi 100 seli zilirefuka na kuelekea kuwa mfupa. Mimi naona hawakupima kitu kimoja. Titani iliyochomwa motoni na isiyochomwa zina fuwele tofauti na mabaki tofauti ya kemikali, hata kama mirija ina upana uleule. Ndiyo maana siku hizi sikubali kusoma jedwali la utafiti lisiloniambia sakafu ilioshwa kwa nini na ilichomwa kwa joto gani.

Kinachonisumbua zaidi, hata hivyo, ni kosa la upande wa pili. Sakafu yangu mbaya ilisema kuna sumu mahali pasipo na sumu, na hasara ilikuwa wiki mbili za biashara ya mama. Je, sakafu ikisema hakuna sumu na ipo?

Hilo linawezekana, na kwa seli za ini ni rahisi kupindukia. Ukizitoa seli za ini mwilini na kuzilaza kwenye plastiki bapa, zinashika, zinajitandaza, mstari unapanda, mtetemo upo, kila kitu kinapendeza. Lakini ndani ya siku chache zinaanza kusahau kuwa ni ini. Vile vimeng'enya vinavyoibadilisha aflatoksini vinapungua sana. Seli iko hai na inapumua ila haipiki tena, na sumu isiyopikwa haimdhuru mpishi. Utamwagia aflatoksini, mstari utabaki juu ukitetemeka vizuri, na wewe utaandika kwamba karanga ni salama. Seli nyingi za saratani ya ini zinazotumika maabara duniani zina udhaifu huohuo kwa asili yake. Tiba mojawapo ni kuzifunika seli kwa kolajeni, protini inayoshikanisha nyama za mwili, juu na chini kama mandazi yaliyofungwa kwenye gazeti, nyingine ni kuziacha zijikusanye kuwa vitonge, na nyingine ni kuipa sakafu umbo ambalo halizilazimishi kujitandaza kama chapati. Kwa hiyo sakafu bora ya kupata mstari mrefu na sakafu bora ya kupata ini la kweli huenda si moja. Nimelisema hili mbele ya watu wanaotafuta fedha za mradi, na halikupendwa, lakini siwezi kulinyamazia.

Mbali na vishimo, sakafu inaweza pia kuwa na vinguzo, yaani nguzo ndogo mno zilizosimama, navyo vina mambo yake. Mwaka 2010 Micha Spira na wenzake huko Yerusalemu walitengeneza elektrodi za dhahabu zenye umbo la uyoga, na seli za neva zikaumeza uyoga huo hadi ishara zikasikika karibu kama za ndani ya seli. Mwaka 2012 Bianxiao Cui na wenzake wa Stanford walitumia vinguzo vya platini vyembamba kama nanomita 150, wakapiga mshituko mfupi wa umeme, utando ukafunguka kidogo pale unapokizunguka kinguzo, na mapigo ya seli za moyo yakasikika waziwazi. Kwa moyo na neva ni njia nzuri mno. Kwa ini sioni faida yake bado.

Kuna jambo la nyenje ninalopenda kulisimulia. Mwaka 2012 Elena Ivanova na wenzake Australia walionyesha kwamba bawa la nyenje lina vinguzo vya urefu wa nanomita kama 200, na bakteria wakitua juu yake utando wao unanyooshwa katikati ya vinguzo hadi kupasuka, katika dakika chache, bila dawa yoyote. Seli zetu, kubwa na laini zaidi, hazipasuki kirahisi hivyo. Kwa maabara ya mji wa mvua na vumbi kama huu, ambako kuvu na bakteria huingia kwenye sahani wiki baada ya wiki, sakafu inayomuua mvamizi na kumwacha mwenyeji si anasa.

Na nisiiache historia ya hapahapa, maana Afande huirudia kila tunapopata mwanafunzi mpya. Denis Burkitt, daktari mpasuaji wa hospitali ya Mulago hapa Kampala, aliandika mwaka 1958 kuhusu uvimbe wa taya za watoto. Anthony Epstein wa London aliomba vipande vya uvimbe huo, vikawa vinasafirishwa kwa ndege kutoka Kampala, na kwa zaidi ya miaka miwili seli zilikataa kuota. Desemba 1963 ndege ilielekezwa Manchester kwa sababu ya ukungu. Chupa ilipofika London, jioni, maji yalikuwa yamechafuka kama yenye bakteria. Epstein hakumwaga. Aliweka tone chini ya hadubini akaona seli hai, zinaelea, hazijashika kitu. Seli hizo hazikutaka sakafu kabisa. Walipoziacha ziote zikielea, zikaota, na mwaka 1964 ndani yake kikaonekana kirusi kinachobeba jina la Epstein na la Yvonne Barr. Afande akimaliza humtazama mwanafunzi na kusema, "Kabla hujamwaga, angalia."

Sahani mpya tumezitengeneza mwezi uliopita. Safari hii saa ya kengele imefungwa kwenye mlango wa kabati la asidi, na muda anauandika mtu mwingine, si yule aliyeshika koleo. Nusu ya visima ni bapa, nusu vina vishimo, vyote vimepakwa kolajeni ileile, na kila kisima kitakachopewa kitu kina mwenzake wa sakafu ileile asiyepewa. Kabla ya karanga tutapima kwanza kama ini bado ni ini, kwa kuangalia vimeng'enya vyake siku ya 1, ya 3 na ya 7. Karanga za mama zimo kwenye friza, mfuko wa kilo moja, umeandikwa jina lake kwa wino mweusi. Ananiuliza kila Jumapili kama tumeshaufungua. Namwambia bado, mama, tunatandika. Anasema haya, na anaendelea na ungo wake.

Jana jioni nilimkuta Afande amekaa mbele ya kompyuta amevaa miwani, daftari wazi mapajani. Visima vyenye vishimo, bila karanga wala kitu chochote, vilikuwa vimefika saa ya 31. Mstari ulikuwa juu, unatetemeka. Alitazama saa ya ukutani, akaandika muda, akanipa kalamu nitie sahihi.